Siku moja ya mhadhiri na barua pepe zake

Saa 11:30 alfajiri. Maji ya chai hayajachemka, nafungua barua pepe. Zimeingia 14, karibu zote baada ya saa sita usiku. Bando la usiku ni nafuu. Ya kwanza haina mada wala jina: "Shikamoo madam, maksi zangu hazionekani." Nina wanafunzi 180 wa takwimu! "Marahaba. Nitumie jina kamili, namba ya usajili, na jaribio lipi." Siwalaumu. Sekondari walifundishwa barua rasmi ya anwani mbili, ndiyo maana darasani huwaambia: mada ya barua pepe ni ile ile YAH: mliyoizoea.

Saa 2 asubuhi. Mhadhara. "Kuna swali?" Kimya.

Saa 4:15. Nafika ofisini, swali limeshafika. Ni binti anayekaa safu ya nyuma kabisa, sijawahi kuisikia sauti yake. Kapiga picha ukurasa wa daftari. "n−1" kaizungushia duara mara tatu hadi karatasi imechubuka. Kwa nini kwenye varianci ya sampuli, kile kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, hatugawi kwa n, yaani idadi ya namba zote? Swali zuri kuliko yote ya muhula huu. Namwandikia taratibu: wastani tumeutoa kwenye data hizo hizo, na tofauti za kila namba na wastani zikijumlishwa lazima zije sifuri. Ukizijua zote isipokuwa moja, hiyo moja haina uhuru tena. Zilizo huru ni n−1, ndiyo maana tunagawa kwa hiyo. Namwomba ruhusa nilisome swali lake darasani bila kumtaja.

Saa 7 mchana. Wali maharage. Tangazo la kubadilisha chumba nampa CR, mwakilishi wa darasa, alirushe kwenye grupu. Maksi za mtu hazipiti huko kamwe.

Saa 9 alasiri. Yule wa maksi kajibu, safari hii na namba. Karatasi yake naikuta imenasa ndani ya ya mwenzake: 15 kwa 20. Namwandikia ofisa mitihani, nakala kwa mwanafunzi, aone kwa macho yake kwamba jambo lake linatembea. Mimi enzi zangu nilisimama koridoni siku tatu kwa kosa kama hilo, na mlango haukufunguliwa. Sijasahau.

Saa 2 usiku. Nafunga kompyuta, inaingia moja ya mwisho, ya binti wa nyuma: "Asante sana madam. Naomba usilisome. Alhamisi nitauliza mwenyewe."

Nimeandika kwenye shajara: Alhamisi, dakika kumi za mwanzo, zake.