Kibubu cha maskani

Kibubu chetu kilikuwa kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, fundi wa kuchomelea alilifunga juu afu akalitoboa tundu moja la kupitisha noti iliyokunjwa. Naanza na kibubu kwa sababu juzi kuna dogo kaniuliza kijiweni eti bro nyie genge lenu lilianzaje, nikakuta ninachokikumbuka vizuri ni lile kopo na lilivyokuwa zito ikifika mwisho wa mwezi.

Na hilo neno genge nalo. Kwetu genge ni pale mama anapokutuma nyanya za mia mbili na kitunguu. Sisi tulijiita maskani basi, na jina la maskani silitaji maana wengine saivi ni wazee wa kanisa wana vitambi na heshima zao.

Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006, mtu wa Mbeya hahitaji kusimuliwa. Waliookoa kidogo wakatandaza pembeni ya barabara, wengine wakahamia Sido, na ghafla mzigo wa watu ukawa unalala nje. Mi nilikuwa nimetoka kumaliza form two. Mama mdogo alikuwa anauza mitumba, akaniambia we na wenzako usiku mnazurura tu, njooni mlale hapa nitawapa hela ya chai. Tukaenda wanne. Wa meza ya jirani akaona naye akataka, na wa jirani yake naye, kufika Pasaka tuko kumi na moja na mpaka wetu unajulikana, kuanzia nguzo ya umeme hadi mtaroni, ukivuka mtaro huko kuna wenyewe.

Kama hujawahi kulala nje Mbeya mwezi wa sita na wa saba usiniambie kitu kuhusu baridi. Na moto ndo marufuku! Watu wameunguliwa soko, ukiwasha hata kipande cha boksi upashe vidole anatoka mtu na ndoo ya maji, hasemi neno, anamwaga anaondoka. Kwahiyo tulikuwa tunaingia kwenye viroba vya viazi, vile vya lumbesa, miguu yote miwili humo, unajifunga kamba kifuani unaegemea meza kama gunia. Mwizi angekuja kwa kweli sijui tungemkimbizaje, labda kwa kuruka kama chura.

Sasa utawala. Mwenye mwili alikuwepo, anashusha gunia kwenye Fuso peke yake bila kuhema, huyo tulimwita mzee wa maskani na akigombana na mtu sote tunasimama. Ila aliyekuwa anaamua leo nani ale ni jamaa mmoja mwembamba, ana kikohozi hakiishi, sauti yenyewe ndogo. Yeye alikuwa na kaunta buku. Kila jioni anachora mistari kwa rula (rula yangu mimi hiyo, ya kwenye mkebe wa shule, hakurudisha), jina, zamu, mzigo, faini. Mchana zikiingia gari za ndizi za Tukuyu au viazi foleni ya kushusha inafuata kitabu, mwenye mwili mwenyewe alikuwa anasubiri jina lake. Kuchelewa zamu 200. Kukutwa umelala 500. Kumwibia mteja unatoka, na ulichoweka kwenye kopo kinabaki.

Kuingia lazima udhaminiwe na mtu wa ndani, ukizingua faini analipa aliyekuleta. Hii ndo ilikuwa inashika watu, yani hakuna haja ya kumpiga mtu, binamu yako mwenyewe anakulinda kama mtoto maana ukiharibu anaumia yeye. Wale wadogo kabisa wa darasa la sita wanakaa mtaroni kuangalia mgambo, malipo yao maandazi. Na kulikuwa na watu wa doria, nao walikuwa kwenye kitabu, wameandikwa "chai", jina hakuna.

Hela ya chai ikageuka hela ya ulinzi, mia tatu kwa meza kwa usiku. Ukiniuliza siku gani sina, nakumbuka tu kwamba ilipokuwa chai mtu anatoa anachojisikia na ilipokuwa ulinzi mtu anadaiwa. Kuna mzee alikuwa anauza viatu, akasema jamani mi mzigo wangu narudi nao nyumbani, mnanilindia nini, mbao? Kweli kabisa. Kesho yake kaikuta meza iko mtaroni miguu juu. Hakuna aliyesema nimetumwa, kitabuni hakuna mstari wa kazi hiyo, lakini jioni yule mzee akatoa mia tatu yake na jamaa wa kikohozi akaiandika, mwandiko uleule, mstari umenyooka kwa rula yangu. Mgao ulipofika nikachukua.

Mwanzoni mwa Januari 2015, Dar walipofunga maduka jioni ile kwa hofu ya Panya Road, vile vikundi vya vijana wa kuvamia na kupora, kila mtu redioni anauliza hawa watoto nani anawatuma. Mi nilikuwa nawaza daftari yao anashika nani.

Ya kwetu iliisha Septemba 2008, mi niko nyumbani nasomea mtihani wa form four. Belo la mama mdogo likaondoka, belo zima, ndani ya mpaka wetu, watu wanne wakiwa zamu, na wote eti hawakusikia. Belo halibebwi mfukoni jamani. Alinikuta mlangoni asubuhi akasema "mwee, mwanangu, hata nyie?" afu akakaa kwenye ngazi.

Usiku tukavunja kopo kwa nyundo ili tumlipe. Haikufika hata nusu ya belo. Mwenye mwili akachukua chake kwanza, mwingine akachukua chake, asubuhi nguzo mpaka mtaro hakuna mtu. Mama mdogo aliambulia elfu kumi na nane na kopo lenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa Kabwe natafuta bajaji ya Uyole. Mwenyekiti wa kijiwe ndo yeye, wa kikohozi, kanenepa kidogo. Kwenye kiti cha mbele kuna kaunta buku, majina, zamu, faini ya kuruka foleni. Tukacheka, tukaulizana watoto. Afu nikamuuliza, mwanangu, lile belo lilienda wapi?

Akaangalia juu mlima Loleza, wingu limeshakaa. "Mvua hiyo," akasema, "panda twende."