Na Gesi Ikitoka?

Sikukuu ya mtoto wa jirani, huku Katuba, Lubumbashi. Puto likaponyoka, likapanda hadi kwenye nyaya za umeme. Binti yangu akauliza, "Papa, ndani mna nini?" Gesi ya heliamu, nikamwambia, na tangu hapo keki sikuiona tena. Mawazo yalikwisha kwenda Polytechnique, kitivo cha uhandisi nilikosoma, kwa Prof wetu wa vinu vya nyuklia.

Oktoba, joto la kabla ya mvua, umeme umekatika kama kawaida. Prof alikuwa na chaki, ikamtosha. Alitupangisha kiini cha kinu cha nyutroni za kasi, yaani chembe zinazopasua atomi bila kupunguzwa mwendo, kinachopozwa kwa heliamu. Urani ya ardhini, hata ile ya mgodi wetu wa Shinkolobwe, zaidi ya asilimia 99 ni urani-238, ambayo ni vigumu kuipasua. Ila ikimeza nyutroni huishia kuwa plutoni-239, na hiyo ndiyo fueli. Sodiamu, metali iliyoyeyushwa, nayo hupoza vinu vya aina hii vizuri, lakini ikikutana na maji ni balaa. Heliamu haigombani na kitu.

Ubaoni akachora fimbo nyembamba za fueli zilizosongamana, na kuzizunguka, blanketi la urani-238. Akaandika: nyuzi 850, shinikizo mara 70 ya hewa tunayovuta. "Chuma kitalegea," akasema, akakifuta kwa mkono wa koti, akaweka silikoni kabidi, kauri inayostahimili joto, iwe ganda la fimbo. Oksidi, fueli ya kawaida, nayo akaifuta. Kabidi ya urani na plutoni hubeba atomi nzito nyingi zaidi na hupitisha joto upesi. Vumbi la chaki lilimjaa masharubu.

Dada mmoja wa Likasi, ambaye hazungumzi ovyo, akainua mkono. "Prof, na gesi ikitoka?"

Prof akautazama ubao kitambo. Kinu hata kikizimwa, fueli huendelea kutoa joto, na heliamu isiyo na shinikizo haibebi joto la kutosha. Akampa chaki. Dada akachora chombo cha pili kukizingira kile cha kwanza chenye kiini, ili gesi ikivuja isiende mbali. Akaongeza mashine za kupuliza gesi kwenye fueli. Akasimama. "Hizi zitapuliza kwa umeme gani?"

Darasa zima, gizani, tulipasuka kwa kicheko. Prof alicheka hadi akavua miwani.

Kinu cha namna hiyo hakijajengwa popote hadi leo. Ulaya ya kati wana mradi wa majaribio, ALLEGRO, ungali kwenye mipango. Sisi wengi tuliishia kwenye shaba na kobalti. Mke wangu, muuza simenti, husema tulisomeshwa kinu cha ndotoni. Namkubalia nusu. Nusu ya pili yule dada angeieleza vizuri kuliko mimi.