Siku moja maishani mwangu: Elizabeth watatu, jina moja

Saa kumi na mbili asubuhi

Nimeswali, nimebandika chai, na kabla haijachemka nimeshaufungua tena mti wa nasaba alionitumia mteja. Kazi yangu hapa London ni kufuatilia nasaba: watu hunilipa niwatafutie wazee wao katika hati za kale. Mteja huyu anaamini ametokana na Elizabeth de Burgh, Bibi wa Clare, aliyezaliwa 1295 na kufariki 1360. Mti ameunakili kutoka intaneti, na ndani yake bibi huyo ana waume wanne: John de Burgh, Theobald de Verdun, Roger Damory, na Robert Bruce, mfalme wa Uskoti.

Watatu wa mwanzo ni kweli. Huyo wa nne ndiye aliyenikosesha usingizi.

Saa mbili na nusu

Kwenye treni ya kwenda Kew, ziliko Nyaraka za Taifa, naihesabu familia kwa vidole, kama nilivyofundishwa utotoni Tanga kuwahesabu wajomba na mashangazi. Mama yake Elizabeth ni Joan, aliyezaliwa Akka, Palestina, mwaka 1272, wazazi wake walipokuwa huko vitani. Babake Joan ndiye aliyekuja kuwa Mfalme Edward I. Baba yake Elizabeth ni Gilbert de Clare, mwinyi wa Gloucester.

Mwaka 1308, kwenye abasia ya Waltham, zilifungwa ndoa mbili kwa siku mbili zilizofuatana. Kaka yake Elizabeth, naye Gilbert, alimwoa Maud de Burgh. Kesho yake Elizabeth akaolewa na John, kaka yake Maud. Kwa hiyo Maud alikuwa wifi yake pande zote mbili. Na akina de Burgh walikuwa na dada mwingine, aliyekwisha kuolewa na Robert Bruce tangu 1302. Jina lake? Elizabeth.

Hapo ndipo mti ulipopotea. Bibi wa Clare na malkia wa Uskoti walikuwa mawifi, na mtu fulani amewafanya mtu mmoja.

Saa tatu na nusu

Milango ya Nyaraka za Taifa imefunguliwa. Kalamu za wino hazipiti, penseli tu, na vitu vyangu vyote vimo ndani ya mfuko unaoonyesha. Nimeagiza hati ya kundi C 135, uchunguzi uliofanywa watu walipofariki enzi za Edward III. Mtu mwenye ardhi aliyopewa na mfalme akifa, ofisa wa mfalme alikusanya wanaume wa eneo lile, akawaapisha, akawauliza: aliacha ardhi gani, alikufa siku gani, mrithi wake wa karibu ni nani, na ana umri gani. Kwa mtafuta nasaba hakuna swali zuri kuliko hayo mawili ya mwisho.

Saa nne mpaka saa saba

Hati imeandikwa kwenye ngozi ya kondoo. Ngozi hiyo ina pande mbili, na vidole huzijua kabla ya macho. Upande wa manyoya ni wa manjano kidogo na una vitundu vidogo vidogo; upande wa nyama ni mweupe na laini. Mahali pengine pana doa la kahawia. Karne ya 19 wasomaji walipaka dawa ili maandishi yaliyofifia yaonekane, yakaonekana siku ile, kisha ngozi ikaungua rangi moja kwa moja. Kwenye doa kama hilo nasoma herufi moja moja, nikiinamisha kichwa mpaka mwanga uingie kwa ubavu.

Karani wa zama zile alifupisha kila kitu. Ameandika *fil'* na kikoma juu. Hiyo inaweza kuwa *filius*, mtoto wa kiume, au *filia*, wa kike, na kosa la hapo hubadilisha jinsia ya mtu katika mti mzima. Nasubiri mpaka nipate neno jingine la kuamua: jina, au mume. Umri nao mara nyingi huandikwa "miaka kadhaa *et amplius*", yaani na zaidi, kwa hiyo siuchukulii kama cheti cha kuzaliwa.

Mrithi wa Bibi wa Clare alikuwa mjukuu wake, binti wa mwanawe William, mke wa Lionel mwana wa mfalme. Naye jina lake Elizabeth de Burgh. Somo wa bibi yake. Huyo ndiye Elizabeth wa tatu, na ndiye ambaye nyumbani mwake kijana Geoffrey Chaucer, aliyekuja kuwa mshairi maarufu wa Kiingereza, alitumika mwaka 1357.

Saa saba na nusu

Mkate na yai, kwenye benchi kando ya bwawa. Nawaza vita vya Bannockburn kati ya Waingereza na Waskoti, 24 Juni 1314. Gilbert kijana aliuawa pale bila mtoto, na ardhi ya akina Clare ikawaangukia dada zake watatu. Mgawanyo ulichelewa mpaka 1317 kwa sababu Maud, mjane wake, alisema ana mimba. Vita hivyo hivyo vilimfungua malkia wa Uskoti, aliyekuwa mfungwa Uingereza tangu 1306. Alibadilishwa na mwinyi wa Hereford, aliyetekwa baada ya vita. Siku moja ilimtajirisha wifi mmoja na kumfungulia njia mwingine.

Na huo ndio ushahidi wangu. Aliyekuwa kifungoni toka 1306 hakuwa bi harusi Waltham 1308. Tena mke wa Bruce alifariki 1327, na Bibi wa Clare aliishi miaka 33 zaidi, akakijenga upya chuo cha Cambridge ambacho mpaka leo kinaitwa Clare.

Saa nane mpaka saa kumi na nusu

Mstari wa mteja unapita kwa Isabella, binti wa mume wa pili. Februari 1316 Theobald de Verdun alimchukua Elizabeth kutoka ngome ya Bristol akamwoa bila idhini ya mfalme. Theobald alijitetea kwamba Elizabeth mwenyewe alitoka kumlaki. Julai Theobald akafa. Elizabeth, mjamzito, alikimbilia kwa watawa wa Amesbury, alikokuwa mama yake mdogo, Mary, na Isabella akazaliwa huko Machi 1317. Mjomba wake Elizabeth, Mfalme Edward II, alikuwa akimshinikiza aolewe na kipenzi chake Roger Damory, na majuma machache baada ya kujifungua akaolewa naye. Alikuwa na miaka 21. Nimeyasoma haya mara nyingi, na bado hunichoma.

Isabella aliolewa na Henry Ferrers wa Groby, na kutoka hapo mstari wa mteja unashika vizuri. Nimemfuta Bruce. Clare imebaki.

Saa mbili usiku

Barua kwa mteja imekwisha, kurasa nne. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yule bibi yako wa Kizungu umemfikisha wapi?"

Namsimulia. Mawifi anawaelewa mara moja, somo pia. Kisha ananiuliza kitu ambacho mteja hakuuliza: hao watoto baba zao waliwaona? Nachukua penseli. Baba yake Elizabeth alikufa yeye hajatimiza miezi mitatu. Mwanawe William alikuwa na miezi tisa John alipofariki. Isabella alizaliwa baba ameshazikwa. William akauawa Ireland mwaka 1333, na yule mjukuu, somo wa bibi yake, alikuwa na miezi kumi na moja.

"Wote wanne," namwambia. "Hakuna aliyefika mwaka na baba yake."

Mama yuko kimya kidogo. "Haya, andika basi," ananiambia. "Mwandikie na huyo mteja wako."

Nimeifungua tena barua.