Ubuyu, feni na pumzi tatu

Nimerudi nyumbani na vidole vyekundu, maana zoezi la leo la mindfulness, yaani kuituliza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, lilikuwa la ubuyu. Wenzetu wa Marekani huanza na punje ya zabibu kavu: uitazame, uiguse, uinuse, uiweke juu ya ulimi bila kuitafuna. Zabibu hata sisi tunazo, Dodoma wanazilima, lakini mpe kijana wa kidato cha nne zabibu moja uone atakavyokutazama. Ubuyu wa Zanzibar hauhitaji maelezo. Ule uchachu ukishampiga, mate yakajaa, mtihani unamtoka kichwani kwa muda.

Kijana mwenyewe (nimembadili kiasi kwamba hata mama yake asingemjua) huamka usiku moyo ukimwenda mbio. Sikumwambia afumbe macho. Wapo watoto ambao wakifumba macho tu, yaliyowapata ndiyo yanayowajia, kwa hiyo huwaachia waangalie vidole vya miguu au wasikilize feni. Akachagua feni. "Inakwaruza," akasema, akaendelea kuisikiliza.

Mama akaja na swali ninaloulizwa kila mara: "Dokta, hii si dini ya watu?" Nikamjibu bila kuzunguka. Asili yake ni Ubuddha; mwaka 1979 mwanasayansi Mmarekani, Jon Kabat-Zinn, akaipeleka hospitalini huko Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, ibada akaziacha nje. Akaguna. Nadhani atamuuliza mchungaji wake, na ni haki yake.

Shule nazo huniita nikafundishe mkondo mzima kwa mpigo. Nasita. Uingereza walilijaribu hilo kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, wengi wa miaka 11 hadi 14, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha kwamba liliwasaidia kuliko utaratibu wa kawaida wa shule. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Sishangai. Nani atavuta pumzi taratibu kwenye nyumba yenye kufokeana tangu alfajiri?

Ndiyo maana muda uliobaki niliutumia na mama. Nilimwomba jambo moja: ikiingia meseji ya mwalimu kuhusu alama, asimwite mtoto kwanza. Asimame, asikie nyayo zake zilivyokanyaga sakafu, pumzi tatu zipite.

"Na zikipita, hasira bado ninayo?"

"Ongeza nyingine tatu, mama."

Akacheka. Kisha akaniambia matokeo ya mtihani wa mkoa yanatoka Ijumaa.