Kumshika mteja wa piano: namjibu binamu yangu wa Majengo

Mimi ni mtu wa Dodoma, niko Leipzig Ujerumani, natyuni piano za watu majumbani, yaani naziweka sauti zake sawa. Nikija likizo binamu yangu mwenye banda la pikipiki pale Majengo lazima aniulize, hivi wewe unawashikaje wateja huko wakati mafundi wamejaa? Ngoja niandike hapa, najua wengi mna swali hilohilo.

Piano ina vitufe 88 lakini nyaya zinafika kama 230, maana noti nyingi zina waya tatu tatu, na nyuma yake kuna ubao mpana wa mti wa sprusi ndio unatoa sauti. Ule ubao unafuata hewa. Miezi ya joto huku kuna unyevu, ubao unavimba sauti inapanda, baridi ikiingia watu wakiwasha hita nyumba inakauka kabisa kama Dodoma ya mwezi wa tisa, ubao unasinyaa sauti inashuka. Sasa mteja anakupigia wiki ileile kawasha hita, piano imechafuka sauti, anataka uje leo. Ukienda unapata hela, ila baada ya muda mfupi inachafuka tena na yeye anajua fundi ni wewe. Mi namwambia mama subiri wiki mbili tatu hewa ya ndani itulie kwanza. Siku hiyo sipati kitu lakini mama yule hatafuti tena namba ya mtu mwingine, na dada yake ananipigia.

Nina daftari, kila piano ina ukurasa wake, pini gani ya kukazia waya imelegea, noti ya A niliiacha kwenye mitetemo 440 au 442 kwa sekunde, unyevu wa chumba ulikuwa asilimia ngapi. Kitufe kikinata nafungua, mara nyingi ni sarafu au penseli ya mtoto, natoa bure, kuna haja gani ya kumchaji mtu kwa hilo jamani.

Halafu siondoki mpaka mwenyewe apige. Hii niliitoa kwa mzee mmoja wa Chamwino aliyekuwa anatengeneza ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, zile ambazo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alizifikisha mbali, mzee anasogeza vyuma ndani nje ndani nje, akimaliza anakupa upige wimbo wako wewe, akiona uso wako haujatulia anakunyang'anya anaanza upya. Kwenye piano inasaidia sana kwa sababu waya ambao haujakaa vizuri kwenye pini ukipigwa kwa nguvu unateleza, bora uteleze nikiwa nipo.

Binamu anasema Majengo ukimwambia mteja asubiri anaenda banda la pili. Wengine wataenda kweli, hata huku wanaenda, waache. Nimemwambia aanze na simu tu, pikipiki ikitoka apige baada ya siku chache aulize breki zinashikaje, na kwenye simu hiyo asiuze kitu chochote.