Neno "muumini" na kitabu cha babu: nilivyojifunza kaligrafia kwa Kiswahili

Nianze kwa kukiri kitu. Mwaka wa kwanza wa hii hobi yangu ya kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika herufi za kupendeza kwa mkono, nilinunua vitu kuliko nilivyoandika. Nibu (zile ncha za chuma za kalamu) za kila aina, wino rangi sita, vishikio viwili, kimoja kile cha kupinda ambacho nibu inakaa pembeni, yaani droo imejaa lakini ukiniambia niandike mstari mmoja wa maneno matano ulionyooka natokwa jasho.

Kilichonibadilisha ni babu. Siku moja aliona bahasha niliyoiandika kwa zile herufi nyembamba za kulala, nimejivunia nayo wiki nzima, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, afu akasema, "Mjukuu wangu, kazi nzuri, lakini mimi naona sisimizi tu wanaandamana." Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikamuahidi pale pale, babu ntakuandikia kitabu cha methali, herufi kubwa, usome bila miwani. Nikasema methali 24. Sijui hiyo 24 niliitoa wapi.

Basi nikarudi kwenye mazoezi kwa nguvu, na hapo ndo nikagundua tatizo ambalo sijaona mtu akiliongelea. Karatasi zote za mazoezi nilizokuwa nimepakua zimetengenezwa kwa lugha za watu wengine. Kuna ile sentensi maarufu ya mbweha anayeruka juu ya mbwa mvivu, ina herufi zote 26, nilikuwa naiandika kila jioni, na herufi yangu ya q ilikuwa tamu jamani, ina mkia mzuri balaa. Sasa hiyo q naipeleka wapi kwenye Kiswahili? X nayo hatuna, na c bila h hatuitumii. Wakati huo a yangu, ambayo ndo herufi ya kila siku, ilikuwa imevimba kama imeng'atwa na nyuki.

Nikakaa nikahesabu. Chukua "Haba na haba hujaza kibaba". Ina herufi 22, kati ya hizo a ziko 9! Tisa kwa mstari mmoja mfupi. Maana yake a yako ikiwa mbaya, ukurasa mzima ni mbaya, na zikiwa tisa ambazo hazifanani msomaji anaona fujo hata kama hajui kwa nini. Afu angalia zenye shingo ndefu, h, b na k, ziko 8 humo ndani, na yenye mkia wa kushuka ni moja tu, j. Kwahiyo mstari wa Kiswahili hapa umejaa juu, chini mtupu. Hii ilinisaidia sana nilipokuja kupanga nafasi kati ya mistari, nitaeleza.

Nikatupa karatasi za mbweha. Nikatengeneza mazoezi yangu: a peke yake, afu ba, ka, ha, wa, ma, afu maneno. Na neno lililonipa somo kuliko yote ni "muumini". Jaribu kuliandika kwa kalamu bapa, ile yenye ncha pana, uone. M ina miguu mitatu, u mbili mbili, m tena, i, n, i, jumla ni miguu 14 iliyosimama wima mfululizo, hakuna duara hata moja la kupumzikia. Ukikosea umbali wa mguu mmoja tu linaonekana kama uzio uliogongwa na gari. Waandishi wa zamani wa Ulaya walikuwa na shida hii hii kwenye Kilatini, na ndo sababu wakaanza kuiwekea i kakistari juu ili isipotelee kwenye miguu ya jirani, na kale kakistari ndo baadae kakawa nukta tunayoijua. Mi nilikuwa nadhani nukta ni pambo tu.

Siri ya muumini (iliyonichukua miezi, nisidanganye) ni kwamba huandiki miguu, unapanga weupe. Ule weupe ulio ndani ya u ujaribu kulingana na weupe ulio kati ya u na herufi inayofuata. Nikimaliza mstari nageuza karatasi juu chini, kwa sababu ikiwa juu chini akili inashindwa kusoma, inaona maumbo tu, na palipobanana panajitokeza haraka. Kufinya macho nako kunasaidia.

Kuhusu mtindo wa hati nilichagua ile ya Edward Johnston, wenyewe wanaiita Foundational. Huyu jamaa ndo aliyetoa kitabu mwaka 1906 kilichofufua kaligrafia ya Uingereza, na ndo huyo huyo aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London mwaka 1916. Aliitoa hati yake kwenye kitabu cha Zaburi cha karne ya 10 kinachoitwa Ramsey Psalter. Ni hati ya duara, imesimama, iko wazi, kwa macho ya babu hakuna bora zaidi. Kalamu unaishika pembe ya nyuzi 30, na mwili wa herufi, bila shingo wala mkia, unakuwa na kimo cha upana wa nibu mara nne. Hivyo tu. Unachukua nibu yako, unaigeuza pembeni, unapiga vibanda vinne vya mraba kimoja juu ya kingine kama ngazi, hicho ndo kimo chako.

Hapa nipitie pembeni kidogo maana hili jambo lilinifurahisha mno. Ukienda upande wa khati za Kiarabu unakuta wazo hilo hilo, na la zamani zaidi. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliweka utaratibu wa kupima herufi kwa nukta, na nukta yenyewe ni alama inayoachwa na ncha ya kalamu. Alif, herufi yao ya kwanza, inapimwa kwa idadi ya nukta, zingine zinaifuata alif. Yaani watu wawili, dunia mbili tofauti, karne nyingi kati yao, na wote wanakwambia kipimo cha herufi kiko kwenye kalamu yako. Inasimuliwa kwamba Ibn Muqla alikatwa mkono wa kulia kwa fitina za siasa, akawa anafunga kalamu kwenye kigutu na kuendelea. Nikiona uvivu wa kufanya mazoezi namkumbuka huyo.

Turudi kwa babu. Nilitumia Pilot Parallel ya milimita 2.4 (zipo pia za 1.5, 3.8 na 6.0), mara nne unapata milimita 9.6, mwili wa herufi karibu sentimita moja, hakuna sisimizi hapo. Kalamu hii haina nibu ya kawaida, ni bamba mbili za chuma zimelala sambamba wino unapita katikati. Onyo kwa wageni: kalamu yoyote ya kujaza wino ndani usiitilie wino mzito mweusi wa kuchorea, ule ukikauka haurudi tena majini. Mi niliua kalamu moja hivyo hivyo, usiku mmoja tu, asubuhi imeziba imekuwa jiwe. Wino wa namna hiyo ni wa nibu za kuchovya, ambazo unafuta ukimaliza. Na hizo nibu zikiwa mpya zina kamafuta ka kuzuia kutu, wino unakimbia unajikusanya kama matone kwenye jani, kwahiyo zisugue kwanza kwa dawa ya meno au sabuni, nilikaa wiki nalaumu wino bure.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi inakunywa wino, ukingo wa herufi unaota manyoya. Nikahamia karatasi laini ya gramu 120. Mistari nilichora mara moja tu kwa wino mweusi kwenye karatasi nyingine, nikawa naiweka chini na kuandikia kwenye kioo cha dirisha mchana, mkono unauma lakini hakuna kufuta penseli kurasa 24. Na kwa kuwa mikia yetu ya kushuka ni michache niliweza kusogeza mistari karibu kidogo, ukurasa ukaonekana umeshikana.

Maneno marefu ndo yalinitesa. "Asiyefunzwa" peke yake ni herufi 11, nusu ya mstari imeisha. Mwanzo nilikuwa nakata neno pale nafasi inapoishia, ikawa mbaya mno, methali inapoteza pumzi. Nikaamua kukata kwa jinsi mtu anavyoisema: "Asiyefunzwa na mamaye", unapumua, "hufunzwa na ulimwengu" mstari wa chini. Ukubwa wa mistari usipolingana poa tu. Herufi ya kwanza ya kila methali niliifanya kubwa kwa rangi nyekundu ya gouache, yaani rangi nzito ya maji, nimeilainisha kwa maji na tone la gamu arabiki, ile gundi ya mti wa mgunga, ili isiachie vumbi, naipaka kwenye nibu kwa brashi badala ya kuchovya. Hizo herufi kubwa wazo nilitoa kwenye mabango yaliyochorwa kwa mkono, ninapiga picha kila ninapoyaona.

Makosa yalikuwepo. Unaacha wino ukauke kabisa, unakwangua taratibu kwa wembe mpya, unapitisha raba, unasugua kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi, afu unaandika tena. Kurasa saba niliziokoa hivyo, tatu nikazirudia upya.

Nikampelekea. Akakaa nacho kibarazani, anafuata kwa kidole, anasoma kwa sauti, bila miwani kweli. Akafika "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", kidole kikasimama.

"Mjukuu wangu, hapa umekula herufi."

Nikaangalia. "Huvunjka." Kurasa zote nimezikagua juu chini, chini juu, weupe uko sawasawa kabisa, na i haipo.

"Lete babu, ntaikwangua, kesho nakurudishia."

"Kirudi wapi tena? Lete kalamu."

Nikampa penseli. Akaibana ile i katikati ya j na k, mkono unatetemeka, imelala kidogo upande. Nukta hakuweka.

"Babu, nukta."

"Inasomeka," akasema, akafunua ukurasa unaofuata.