Pazia jeusi la simu ya upenuni: kumbukumbu ya mradi wangu

Babu yangu amevua Jambiani umri wake wote, lakini tangu mwaka jana anakaa mjini kwa mama mkubwa ili awe karibu na matibabu. Kila jioni tukizungumza kwa simu, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake ni lile lile: "Maji yamefika wapi, mjukuu wangu?" Namwambia yamefika kwenye mnazi uliolala, au yamepwa mpaka huko mwambani, naye hunyamaza kidogo kama anayetazama. Nikaona maneno hayatoshi. Nimpe maji yenyewe, ya siku nzima, kwa video fupi, yakipwa na kujaa mbele ya upenu wetu.

Hesabu yake ni hii. Kamera inapiga picha moja kila sekunde 10, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Hizo ni picha 4,320. Zikipita 30 kwa sekunde, unapata video ya dakika 2 na sekunde 24. Siku zinazofaa ni za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mpya, kwa sababu kwetu siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa 4 na nusu asubuhi na hujaa tele kwenye saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo mwendo wote unaonekana mchana. Na Machi ndiyo yenye bamvua kubwa. Kati ya kupwa na kujaa, kina hubadilika kwa karibu mita 4, na pwani yetu ni tambarare, basi maji hukimbia mpaka unabaki mchanga, majani na vijiti vya mashamba ya mwani.

Bamvua ya mwezi mpevu

Nilitumia simu yangu ya zamani yenye Android 9. Programu yangu ya kamera husimama kioo kikizimwa. Tena tangu toleo hilo la 9, programu iliyokaa nyuma hairuhusiwi kushika kamera. Kwa hiyo nikaiacha simu inawaka, nikaifunga kwenye nguzo ya upenu, lenzi ikitazama bahari na kioo kikitazama nyumba.

Giza la alfajiri lilikuwa halijaondoka. Mwanga wa kioo ukaita vidudu, na vidudu vikamwita mjusi kafiri. Alipomaliza upande wa kioo akazunguka nyuma, akatulia juu ya lenzi. Nina picha zaidi ya thelathini za tumbo lake: jeupe, linapitisha mwanga wa jua linalochomoza, na pembeni kidole kimoja kimetanuka kama kijiko kidogo. Saa 3 jua likaipiga simu usoni na mwili wake ukawa wa moto. Saa 8 watoto wa chuo cha Kurani wakapita na juzuu zao, wakaona bahari ndani ya simu, wakaigusa. Simu ikahamia kamera ya mbele, ya upande wao, na ikabaki hivyo. Alasiri yote iliyobaki ni ukuta wa nyumba yetu.

Watoto sikuwagombeza. Kioo kinachowaka kinaita kidole. Nilichohitaji ni pazia: jeusi, lililofunika kioo chote, linalozuia mguso, na kamera iendelee na kazi yake chini yake.

Maji mafu, kati ya bamvua mbili

Wiki hii nzima nimejenga. Nimetumia Tasker, programu ya kuipangia simu kazi ijifanyie yenyewe, maana inakuruhusu kuchora kioo chako mwenyewe na kukiweka juu ya programu nyingine. Kwanza unaipa ruhusa kwenye Mipangilio, ile ya kuonyesha juu ya programu zingine. Kisha unachora mstatili mweusi wa ukubwa wa kioo na kuuamuru utokee kamera ikishaanza.

Mwanzoni nilitaka pazia linalopitisha mguso, ili niweze kubonyeza kamera chini yake bila kuliondoa. Kwenye simu ya zamani lilikubali. Kwenye simu ninayotumia kila siku, yenye Android 13, likagoma: nagusa, hakuna kinachotokea. Sababu ni kwamba tangu Android 12, iliyotoka 2021, mfumo hauupitishi mguso kwenye pazia la programu nyingine likiwa zito kuliko asilimia 80. Ukilipunguza uzito mpaka hapo mguso unapita, lakini bahari nayo inaonekana kama kupitia kanga nyembamba.

Mwanzo ilinikera. Kisha nikaona kanuni hii ina haki kabisa. Programu mbaya inaweza kukufunika kwa picha ya uongo, ukadhani unabonyeza "Sawa" ya mchezo, kumbe kidole kinatua kwenye kitufe cha kutuma pesa kilicho chini. Ruhusa hii ya kuonyesha juu ya programu zingine msiigawe ovyo. Mpeni mnayemjua tu, na kazi ikiisha muiondoe.

Isitoshe, nilikuwa natafuta nisichokihitaji. Pazia langu linatakiwa kuuzuia mguso, si kuupitisha, na pazia linaloula mguso lenyewe halina tatizo hilo.

Jambo la pili ni weusi wenyewe. Usiku nilizima taa ya chumba nikaitazama simu ya zamani: pazia lipo, lakini kioo kinatoa mwanga wa kijivujivu kama jivu la mkaa. Ile ni LCD. Taa yake iko nyuma ya kioo chote na inawaka hata rangi ikiwa nyeusi, kwa hiyo pazia haliipunguzii betri chochote. Niliongeza hatua mbili kwenye Tasker: zima mwangaza unaojirekebisha, kisha shusha mwangaza mpaka 0 kati ya 255. Ikasaidia, ila jivu lilibaki. Dada yangu ana simu iliyopasuka pembeni ambayo haitumii tena, na yake ni AMOLED, ambamo kila nukta inajiwakia yenyewe na nukta nyeusi huwa imezimwa kweli. Nikaiomba. Kwenye giza lile lile sikuona kitu ila ukanda mwembamba juu, wenye saa na alama ya betri.

Ukanda huo haukuondoka kwa pazia langu. Tangu Android 8 ya 2017, pazia la programu ya kawaida hukaa chini ya mstari ule. Nikaufunika kwa utepe mweusi wa umeme, na hapo ndipo nilipopoteza usiku mzima. Njia yangu ya kuliondoa pazia ilikuwa kuweka kiganja juu ya kihisi cha ukaribu, kile kinachojua kitu kikisogea karibu na kioo. Kumbe kihisi kiko pale pale juu, na utepe kwake ni kiganja. Pazia likawa linaingia na kutoka, linaingia na kutoka. Nilifumua kazi zote za Tasker na kuzijenga upya mara mbili kabla sijainamisha simu chini ya taa na kukiona kitobo chenyewe kikiwa nusu kimefunikwa.

Kihisi nimekiacha. Sasa pembe ya chini kushoto ina kisanduku kidogo, cheusi vile vile, na ukikibonyeza kwa muda pazia linaondoka. Nimeweka na milango ya dharura: saa 12 na dakika 5 jioni linaondoka lenyewe, na betri ikishuka chini ya asilimia 15 linaondoka pia. Anayetaka kujaribu aanze na milango hiyo kabla ya pazia, asije akabaki nje ya simu yake.

Bamvua ya mwezi mpya

Saa 11 na nusu nilikuwa upenuni. Simu niliisogeza ndani kidogo, makuti yaikinge jua, nikaiweka hali ya ndegeni. Pazia likashuka. Mjusi hakuja.

Saa 8 nilikaa barazani kuwangoja watoto. Wengi walipita moja kwa moja. Msichana mmoja alisimama, akajitazama kwenye kile kioo cheusi, akaweka sawa ushungi wake, akawakimbilia wenziwe.

Jioni nilipolifungua pazia, kamera ilikuwa bado inahesabu. Picha 4,309.

Mama mkubwa alimshikia babu simu. Aliitazama video mara tatu bila kusema neno, kisha akaniita. "Ile ngalawa ya upande wa kaskazini, tazama maji yakijaa inavyokwenda. Kamba yake ndefu mno. Mwambie mwenyewe aifupishe, kusi likianza itapiga jiwe." Nilirudia video, nikaona: kila maji yalivyopanda, ngalawa ilichora duara kubwa kuliko wenzake. Asubuhi nilimwambia mwenyewe, akapunguza pima mbili.

Sasa babu anataka kuona maji ya usiku. Nangoja mwezi mpevu. Itabidi kamera ifungue jicho sekunde kadhaa kwa kila picha, na kwa giza lile mwanga wowote wa kioo utaingia kwenye nguzo na makuti, kwa hiyo ukanda wa juu nimeukatia utepe mwingine kwa wembe, mwembamba zaidi.